Mlango wa Fidia Ulihamishwa, Kanduyi Bado Wanabisha Ule wa Zamani

Mtu akifia kazini huku Bungoma, swali la kwanza huulizwa hata kabla jeneza halijanunuliwa: tumshtaki nani? Mara nyingi muulizaji ni mjomba aliyesoma kidogo, au binamu aliyefika usiku na basi la kutoka Nairobi, na huuliza kwa sauti ya mtu anayejua njia. Kufikia asubuhi jina la wakili limepatikana na nambari yake ya simu imeandikwa nyuma ya bahasha ya mchango. Kumtafuta wakili si kosa. Tatizo ni kwamba swali lenyewe limepitwa na wakati. Kwa anayeumia au kufa akiwa kazini, sheria ya Kenya iliacha kuuliza nani wa kushtakiwa tangu mwaka 2008.

Kanduyi ni njia panda. Malori ya Malaba hupita hapa usiku na mchana yakienda au yakitoka Uganda, huku barabara ya Musikoma ikishuka kuingia mjini Bungoma. Ukielekea Webuye, mwendo mfupi tu, uko Bukembe, na hapo kipo kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoanzishwa mwaka 1975 na kuanza kusaga miwa 1978. Wanaoishi kati ya njia panda na kiwanda ni wakata miwa, wapakiaji, vijana wa mjengo, wafyatuaji matofali, wahudumu wa posho mill na waendesha boda boda. Msimu wa mavuno ukifika, wengi hupanda matatu kwenda Kitale kuvuna mahindi ya watu wa Trans Nzoia. Ni kazi za jasho na za malipo ya jioni, na nyingi hazina hata karatasi moja inayoonyesha kwamba fulani alimwajiri fulani.

Chukua mashine ya kupukuchua mahindi. Huvutwa na trekta hadi shambani, na ikifika huendeshwa na trekta hilo hilo kwa shafti inayozunguka kati ya viwili hivyo kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Shafti hiyo hutoka kiwandani ikiwa na kifuniko. Kifuniko kikivunjika, mara nyingi hakirudishwi, kwa sababu mashine inafanya kazi vilevile bila hicho na msimu haungoji fundi. Kijana aliyevaa koti pana la mtumba huinama kuokota magunzi, upindo wa koti unanaswa, na yaliyosalia huchukua muda mfupi kuliko kupiga yowe. Mwenye mashine atasema alimwonya. Wenzake watasema hakuna aliyeonywa. Chini ya utaratibu wa zamani, kesi ilianzia kwenye ubishi huo, na mara nyingi ilifia hapo hapo.

Zamani palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 236, iliyolipa kiasi kidogo. Ya pili, iliyopendwa na mawakili na wateja wao, ilikuwa kumshtaki mwajiri kwa uzembe: kwamba hakunipa glavu, hakunipa buti, hakufunika mashine, hakunifundisha. Ukishinda, ulilipwa kwa maumivu yako na si kwa hesabu ya mshahara wako tu. Lakini ilibidi ushinde. Katika rufaa iliyohusu kiwanda hicho hicho cha Nzoia na mfanyakazi wake, Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 1988 kwamba mtu kuumia si ushahidi tosha kwamba kuna mtu aliyezembea. Mawakili wa viwanda wameinukuu hukumu hiyo hadi imechakaa. Kwa mpakiaji wa miwa aliyejikata mguu saa kumi na moja alfajiri kwenye shamba lisilo na shahidi ila mwenzake anayeogopa kufutwa kazi, maana yake ilikuwa rahisi kuielewa: thibitisha, au rudi nyumbani.

Ndipo Bunge likapitisha Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo kuanzia kwa hakimu hadi kwa kibarua kila mtu huiita WIBA. Ilianza kutumika Juni 2008. Moyo wake ni mabadilishano ambayo Ujerumani ya Bismarck iliyafanya mwaka 1884: mfanyakazi halazimiki tena kuthibitisha kosa la mwajiri, ila naye anaacha haki ya kumpeleka mwajiri mahakamani kudai fidia ya uzembe. Kifungu cha 16 kinasema hivyo bila kupinda maneno. Badala ya hakimu, anayesikiliza dai ni Mkurugenzi wa Huduma za Usalama na Afya Kazini, kupitia maafisa wake wa kaunti. Kila mwajiri anatakiwa kuwa na bima ya majeraha ya wafanyakazi wake.

Kuna mambo ndani ya sheria hii ambayo wengi wangeshangaa kuyasikia. Kibarua ni mfanyakazi. Mkataba wa mdomo ni mkataba. Aliyeumia kwa utundu wake mwenyewe wa makusudi anaweza kunyimwa fidia, lakini jeraha hilo likimwacha na ulemavu mkubwa au likimuua, hata utundu huo hauwanyimi watu wake haki. Wapakiaji wanaorudishwa nyumbani bure kwenye gari ambalo mwajiri amewatengea kwa safari hiyo huhesabiwa kuwa bado wako kazini. Gari likipinduka njiani, hiyo ni ajali ya kazi. Aidha kuna orodha ya magonjwa yatokanayo na kazi, maana si kila kazi huua kwa siku moja.

Ungedhani habari kama hizi zingetangazwa makanisani. Hazikutangazwa, na sababu moja ni kwamba kwa miaka 11 nchi yenyewe haikujua kama sheria hiyo ilikuwa hai au imekufa. Chama cha Wanasheria kiliipinga mahakamani mapema kabisa, kikidai inamnyima raia haki ya kufika mbele ya hakimu. Machi 2009, Jaji Jackton Ojwang wa Mahakama Kuu alikubaliana nacho na kuvibatilisha vifungu kadhaa, kile cha 16 kikiwemo. Serikali ikakata rufaa. Novemba 2017 Mahakama ya Rufaa ikavirudisha vingi vya vifungu hivyo, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikaufunga mjadala: WIBA inafuata Katiba, na dai la jeraha la kazini huanzia kwa Mkurugenzi.

Hoja ya wanasheria ilikuwa na uzito wake, na sitaki kuidharau. Lakini mtu yeyote aliyekaa kwenye mabenchi ya mahakama za magharibi mwa Kenya miaka ile anajua pia kwamba kesi za majeraha zilikuwa mkate wa ofisi nyingi za sheria. Vyumba vya wagonjwa vilikuwa na watu wasiokuwa na mgonjwa hata mmoja, wakizunguka na fomu za kusaini. Kuna majeruhi waliopata haki yao kwa njia hiyo. Kuna wengine ambao pesa zilitoka wao wakasikia tu kwamba zimetoka.

Walioumizwa zaidi na vuta nikuvute hiyo ni wale walioshtaki kati ya 2008 na 2019. Waliambiwa waende mahakamani, wakaenda, na baada ya Desemba 2019 baadhi ya mahakimu wakawaambia hapa si mahali penu. Ukirudi kwa Mkurugenzi, miaka imepita. Mwaka 2023 Jaji Mkuu Martha Koome alitoa maelekezo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali kwamba kesi zilizofunguliwa kabla ya uamuzi wa Mahakama ya Juu ziendelee mahakamani hadi zimalizike. Ilikuwa dawa nzuri, ila ilikuja baada ya mgonjwa kuhamishwa wadi mara kadhaa.

Tuje kwa anayeumia leo. Jambo la kwanza ni mwajiri ajue, kwa maandishi au kwa mdomo. Mwajiri naye ana siku saba za kuripoti kwa Mkurugenzi tangu alipopata habari, na ikiwa mtu amekufa, taarifa inatakiwa ndani ya saa 24. Kuna fomu yake, DOSH/WIBA 1, yenye sehemu anayojaza mwajiri na sehemu anayojaza daktari. Karatasi hiyo ni ya kawaida sana kwa macho: jina, umri, kazi, tarehe na saa ya ajali, namna ilivyotokea, mshahara wa mwezi. Kipengele cha mshahara kiangalie mara mbili, nitakirudia. Daktari huandika kiasi cha ulemavu kwa asilimia, ofisi ya Mkurugenzi hupiga hesabu, na dai hupelekwa kwa mwajiri au kampuni yake ya bima, ambao wana siku 90 za kulipa. Pesa zikifika kwa Mkurugenzi, naye ana siku 30 za kumkabidhi mwenyewe au wategemezi wake.

Asiyeridhika na uamuzi, awe mfanyakazi au mwajiri, ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwa Mkurugenzi huyo huyo. Mkurugenzi hutakiwa kujibu ndani ya siku 14. Jibu lisipokupendeza, una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi. Mahakama hiyo sasa husikiliza kesi mjini Bungoma, jambo ambalo si dogo kwa watu ambao zamani walihesabu nauli ya Kisumu au Eldoret kabla ya kuhesabu haki.

Na muda? Miezi 12. Dai lazima liwasilishwe ndani ya mwaka mmoja tangu siku ya ajali, au tangu siku ya kifo ikiwa mtu amekufa. Wengi hujikwaa hapa, kwa sababu vichwa vyetu bado vina ile miaka mitatu ya kesi za uzembe. Mjane anakaa eda ya kilio, watoto wanarudi shule, shamba linapaliwa, na mtu anapokumbuka kwenda kuuliza, mwaka umepita na miezi miwili juu. Sheria ina huruma kidogo kuhusu kuripoti: ikithibitika kwamba mwajiri aliijua ajali kwa njia nyingine yoyote, kutoripotiwa kwake rasmi peke yake hakumpotezei mfanyakazi haki. Lakini huruma hiyo si kitu cha kuwekea matumaini, maana itabidi uithibitishe mbele ya mwajiri ambaye kumbukumbu yake imeanza kufifia.

Jamii ya Wabukusu ina desturi ambayo ingeweza kusaidia kama ingetumiwa kikamilifu. Baada ya maziko, ukoo huketi siku ya tatu. Madeni ya marehemu hutajwa mbele ya watu: aliyemkopesha mbegu husema, aliyemwachia ndama husema, na anayedaiwa na marehemu pia hutarajiwa kusimama. Ni kikao cha hesabu, na watu hukiheshimu. Sijawahi kusikia katika vikao hivyo mtu akisimama kusema kwamba mwajiri wa marehemu anadaiwa na sheria, kiasi gani, na hadi tarehe gani. Mwajiri mwenyewe huwa alishakuja siku ya mazishi, akanunua jeneza, akatoa gunia la mchele na hotuba fupi, na watu wakamshukuru. Gharama za mazishi ni sehemu ya anachodaiwa kisheria, lakini huingia katika vitabu vya kijiji kama ukarimu wake.

Hilo linanipeleka kwenye jambo ambalo vitabu vya sheria havilisemi. Hapa kwetu mwajiri si kampuni isiyo na sura. Mwenye posho mill ni mzee wa kanisa. Mwenye trekta ni shemeji. Mwenye shamba la miwa ndiye aliyewalipia wanao karo ya muhula uliopita. Siku ya tatu au ya nne baada ya maziko anafika na mtu mzima mmoja wa kumsindikiza, wanakaribishwa chai, na maneno huwa yale yale: "Mayi, mtoto alikuwa kama wangu. Tusipeleke mambo ya nyumbani kwa watu wa nje." Kisha inatajwa ng'ombe, au ahadi ya kumsomesha kifunguamimba. Mama huyo anajua kwamba akikataa, kesho atakutana na mke wa mzee huyo kisimani. Sitamlaumu akikubali. Ila ng'ombe huyo asiandikiwe karatasi inayosema kwamba familia imelipwa yote na haina dai tena, na asiyejua kusoma asitie kidole kwenye karatasi ambayo hakuna mtu wake aliyemsomea. Mzee akiwa na bima, kwanza, ng'ombe wake angebaki zizini: anayelipa ni kampuni ya bima. Waajiri wadogo wengi hawalijui hili, au wanalijua na wanaiona bima kama kodi nyingine. Asiye na bima hulipa kutoka mfukoni mwake, na juu ya hayo amevunja sheria.

Sasa hesabu yenyewe. Kipimo cha WIBA ni mapato ya miezi 96, yaani miaka minane. Aliyekufa akiacha watu waliomtegemea kabisa, wategemezi wake hupata jumla ya mapato ya miezi hiyo yote. Aliyepata ulemavu wa kudumu hupata asilimia ya jumla hiyo kulingana na kilichopotea, na jedwali la sheria lina bei ya kila kitu: kidole, mkono, jicho. Tuseme kibarua analipwa Sh500 kwa siku na hufanya kazi siku 26 kwa mwezi. Mwezi ni Sh13,000. Miezi 96 ni Sh1,248,000. Akifa, hiyo ndiyo fidia. Akibaki na ulemavu wa asilimia kumi, anapata Sh124,800. Meneja wa kiwanda hicho hicho anayepata Sh130,000 kwa mwezi, akipata jeraha lile lile na asilimia ile ile, anapata mara kumi. Kidole cha kibarua, ambacho ndicho chombo chake cha kazi, kinathaminiwa chini kuliko cha mtu anayetumia kalamu. Sheria inajibu kwamba inafidia mapato na si utu. Jibu hilo ni sahihi, na bado halimtoshi mtu aliyepoteza kidole.

Majirani zetu wamechora mistari yao kwingine. Ukivuka Malaba, sheria ya Uganda hulipa familia ya marehemu mapato ya miezi 60, pungufu ya ya Kenya kwa miaka mitatu. Tanzania ilikwenda njia tofauti kabisa: ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015, ambao waajiri wote huuchangia. Waajiri binafsi walianza na asilimia moja ya mishahara, kiwango kilichoshushwa hadi asilimia 0.6 mwaka 2021 na 0.5 mwaka 2022. Mfanyakazi wa Mwanza aliyeumia hadai mwajiri wala kampuni ya bima. Hudai mfuko wa umma. Nadhani Tanzania ilitushinda hapo. Kwetu pesa bado ziko mikononi mwa mtu ambaye ana kila sababu ya kuchelewesha.

Lakini si kila kifo cha mtu wa kazi ni kifo cha kazini, na Kanduyi, kwa kuwa ni barabara, ina kesi nyingi za aina hiyo ya pili. Mwendesha boda boda anayempelekea mwenye pikipiki fungu la kila jioni na kubaki na kinachozidi, kwa kawaida ni vigumu kumwita mwajiriwa. Akigongwa na lori usiku, WIBA haimhusu. Hapo ndipo swali la yule mjomba, tumshtaki nani, linapofaa. Sheria zinazotumika ni mbili na huenda pamoja. Sheria ya Ajali Zinazosababisha Vifo, Sura ya 32, inawalipa mke au mume, wazazi na watoto kwa riziki waliyoipoteza. Kesi yake ifunguliwe ndani ya miaka mitatu tangu kifo. Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, inaendeleza madai ambayo marehemu mwenyewe angekuwa nayo: maumivu kabla ya kukata roho, na umri wa kuishi uliokatizwa, ambao mahakama zetu zimezoea kuukadiria kwa Sh100,000. Fungu hili la pili ni la mirathi, na mirathi haina mdomo mpaka mtu apewe idhini na mahakama. Kwa hiyo safari huanzia kwa chifu, anayeandika barua ya kuwataja warithi, kisha mahakamani kuomba hati ya usimamizi yenye mipaka, ya kuendeshea kesi tu. Ukoo ukigawanyika kuhusu nani ni mjane halali, safari husimama kwa chifu na wakati haumsubiri yeyote.

Hesabu za hapa nazo ni tofauti. Kijana wa miaka 28 aliyekuwa akipata Sh15,000 kwa mwezi, akiwa na mke na watoto, mahakama ikisema theluthi mbili ya pato lake ilikwenda nyumbani na kwamba angefanya kazi miaka 20 zaidi, fungu la wategemezi linakuwa Sh2,400,000. Angekufa kiwandani kwa pato lilo hilo, WIBA ingetoa Sh1,440,000. Tofauti hiyo si zawadi. Barabarani lazima uthibitishe kwamba dereva wa lori alizembea, na wakili wa upande wa pili atauliza kama marehemu alikuwa na kofia, kama taa ya pikipiki iliwaka, kama alikuwa amebeba abiria wawili. Kila jibu baya hupunguza asilimia. Ukishinda, bima ya gari hulipa mtu mmoja hadi Sh3,000,000 tu. Kinachozidi umtafute mwenye lori. Abstrakti ya polisi ndiyo msingi wa yote hayo, na ikitaja nambari ya gari isivyo, utashtaki gari la mtu aliyekuwa amelala kwake Naivasha.

Kuna pia wale walio katikati. Mpakiaji aliye kazini, kwenye trekta la mwajiri, akigongwa na basi la kampuni nyingine, familia yake haifungwi na kifungu cha 16 dhidi ya mwenye basi. Inaweza kudai WIBA kwa mwajiri na pia kumshtaki huyo mtu wa tatu. Mahakama, ikifika kwenye kiasi, itazingatia kilichokwisha kulipwa. Familia nyingi hupata kimoja na hazijui kwamba kilikuwepo cha pili.

Tatizo lililobaki ni kulipwa. Mkurugenzi akishakadiria na mwajiri akakaa kimya siku 90 zikapita, sheria haikueleza waziwazi umfanyeje. Majaji wa Mahakama ya Ajira wametofautiana: baadhi wamekubali kuigeuza tathmini ya Mkurugenzi kuwa hukumu inayoweza kutekelezwa, wengine wamesema hawana mamlaka ya kufanya hivyo. Mfanyakazi aliyeambiwa mwaka 2007 kwamba amevuliwa haki ya kwenda mahakamani ili alipwe upesi, anajikuta mlangoni pa mahakama ile ile akiomba alichokwisha kupewa na serikali. Kwa maoni yangu mabadilishano yale yalikuwa ya haki kwenye karatasi. Mfanyakazi alitoa sehemu yake siku sheria ilipoanza. Serikali haijamaliza kutoa yake: maafisa ni wachache, na nguvu ya kumlazimisha mwajiri kulipa iliachwa ikining'inia.

Kwa watu wa Bukembe tatizo hilo la kulipwa limeongezewa lingine. Mwaka 2025 serikali ilikodisha Nzoia kwa kampuni ya West Kenya kwa miaka 30, pamoja na viwanda vya Chemelil, Muhoroni na Sony vilivyokwenda kwa wakodishaji wengine. Mjadala wa umma umekuwa juu ya malimbikizo ya mishahara na pesa za wakulima, na ni haki yake. Aliyevunjika mgongo kwenye kiwanda cha zamani na ana karatasi ya tathmini yenye muhuri anahitaji kuuliza, kwa maandishi, deni lake limebaki upande gani wa mkataba huo. Wapakiaji wapya nao waulize mapema nani hasa mwajiri wao, kiwanda au kontrakta anayewakusanya kwa lori alfajiri, na bima iko kwa jina la nani.

Nilisema nitarudi kwenye kile kipengele cha mshahara. Kwa kuwa kila kitu huzidishwa kwa 96, shilingi mia iliyopunguzwa kwenye pato la mwezi ni Sh9,600 zilizopotea kwenye fidia ya kifo. Mwajiri ndiye anayejaza, na kibarua hana hati ya malipo. Lakini wengi sasa hulipwa kwa M-Pesa, na jumbe zile zina tarehe, kiasi na jina la aliyetuma. Mtu akifa, simu yake mara nyingi hupewa mdogo wake kabla ya arobaini, naye huweka laini yake na kufuta kila kitu ili apate nafasi ya nyimbo. Simu hiyo iwekwe pembeni, jumbe zipigwe picha, na laini isitupwe hadi ofisi ya leba iwe imeona kwamba marehemu alikuwa akipokea Sh3,000 kila Jumamosi jioni kutoka kwa mtu ambaye sasa anasema hakuwa amemwajiri.